Maarifa ya Kisima: Mali au Amana?

Kujifunza kwa pamoja baina ya mashirika ya maji vijijini ni pale taasisi mbalimbali, kila moja ikiwa na kazi yake, bajeti yake na wakubwa wake, zinapokubali kuweka mezani yale zinayoyajua, mazuri na mabaya, ili huduma ya maji iwe bora kuliko ambavyo taasisi moja ingeiweza. Taasisi hizo ni wizara na wakala wa serikali, halmashauri za wilaya, mashirika yasiyo ya kiserikali, makanisa na jumuiya za Kiislamu zinazochimba visima, wafadhili, vyuo vikuu, wauzaji wa vipuri, na jumuiya za watumia maji zenyewe. Kwa nje jambo hili huonekana kuwa la kiutawala: nani aitishe kikao, nani aandike ripoti. Ndani yake mna swali la falsafa na la dini pia: maarifa kuhusu kisima ni mali ya nani, na aliyeyapata anadaiwa nini, na nani?

Uzito wa swali hili unatokana na maji yenyewe. Tarehe 28 Julai 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliyatambua maji safi ya kunywa kuwa haki ya binadamu. Sheria ya Kiislamu ilikuwa imelifikia jambo hilo karne nyingi kabla, kwa njia yake: mwenye kisima ana haki juu ya kisima chake, lakini maji yaliyozidi mahitaji yake hana ruhusa ya kumnyima mwenye kiu, awe mtu au mnyama. Ikiwa maji hayazuiliki kwa mwenye kiu, yafaa kuuliza kama maarifa yanayoyafanya maji yatoke, au yanayoyafanya yawe salama, yanaweza kuzuiliwa.

Mchota maji, fundi na mtaalamu

Kabla ya kuuliza maarifa ni ya nani, ni lazima kuangalia ni maarifa ya namna gani. Kisima kimoja chenye pampu ya mkono kinajulikana na watu wengi, kila mmoja kwa njia yake. Mtaalamu wa maji ya chini ya ardhi anajua kina cha mwamba na kiasi cha maji kinachoingia kisimani kwa saa. Fundi wa kijiji anajua kwamba mipira ya pistoni huisha mapema kisima kikiwa na mchanga, na mara nyingi akishika mpini tu huhisi kama tatizo liko juu au chini. Mweka hazina wa jumuiya ya watumia maji anajua ni miezi gani michango hukauka kwa sababu mavuno bado. Mama anayechota alfajiri anajua kwamba siku hizi husukuma mpini mara nyingi zaidi kabla maji hayajatoka, kwamba ndoo ya kwanza ina wekundu na ladha ya kutu, na kwamba chai iliyopikwa kwa maji hayo hugeuka nyeusi.

Mwanafalsafa wa Uingereza Gilbert Ryle, katika kitabu chake cha mwaka 1949 kuhusu dhana ya akili, alitenganisha kujua kwamba jambo fulani ni kweli na kujua namna ya kulifanya. Michael Polanyi, katika kitabu cha mwaka 1966, alikwenda mbele zaidi na kuonyesha kuwa sehemu kubwa ya ujuzi wa mtu haiwezi kuwekwa yote katika maneno. Ujuzi wa mkono wa fundi ni wa aina hii. Haumo katika mwongozo wa matengenezo, na hausafiri kwa kutumiwa ripoti. Husafiri fundi mmoja anapokaa na mwingine mbele ya pampu iliyofunguliwa. Kwa hiyo mashirika yanayobadilishana nyaraka peke yake hubadilishana sehemu tu ya yale yanayoyajua, na pengine si sehemu iliyo muhimu zaidi.

Kwa mama wa alfajiri kuna tatizo la pili. Anachokijua kinaweza kusemwa waziwazi, lakini hakisikilizwi. Miranda Fricker, katika kitabu cha mwaka 2007, aliliita jambo hili dhuluma katika maarifa: ushuhuda wa mtu kupunguziwa thamani kwa sababu ya jinsi anavyochukuliwa, si kwa sababu ya udhaifu wa maneno yake. Kuongezeka kwa idadi ya misukumo ni dalili kwamba vali au bomba linavuja, au mipira imechakaa, au kina cha maji kimeshuka. Wekundu na ladha ya kutu vinaweza kuwa dalili kwamba mabomba yanaliwa. Mchota maji huziona dalili hizi miezi mingi kabla mkaguzi hajafika. Kujifunza kwa pamoja kunakowaweka mezani wakurugenzi na wahandisi huku kukimwacha yeye nje kunakosa shahidi wa kwanza.

Mipaka ya ramani na mipaka ya maarifa

Tanzania inaonyesha vizuri jinsi maarifa yanavyoweza kugawanyika bila mtu yeyote kukusudia. Mwaka 1971 serikali ilizindua mpango wa miaka 20 wa kuwafikishia wananchi wa vijijini maji, na lengo likaja kuwa kila kaya ipate maji ndani ya mita 400. Nchi rafiki zilijitokeza kusaidia, na mikoa ikagawanywa: Finland ikashughulikia Mtwara na Lindi, Denmark ikaenda Iringa, Mbeya na Ruvuma, Sweden ikawa katika mikoa ya Ziwa Victoria, Norway ikachukua Rukwa na Kigoma, Uholanzi ikafanya kazi Shinyanga na Morogoro. Mgawanyo huo ulikuwa na mantiki yake, kwani uliwapa wahandisi muda wa kuujua mkoa mmoja kwa kina. Lakini kila mfadhili alikuja na wataalamu wake, namna yake ya kufanya kazi na vifaa vyake. Kipuri cha pampu ya Nira, iliyotoka Finland, hakiingii kwenye pampu ya SWN, iliyotoka Uholanzi. Vivyo hivyo, funzo lililopatikana kusini halikuwa na njia rahisi ya kufika ziwani. Mwaka 1991 ulifika lengo likiwa halijatimia.

Hasara nyingine ilijulikana baadaye sana. Mwanzoni mwa muongo wa 2010, vituo vya kuchotea maji vya vijijini nchini kote vilihesabiwa na kuwekwa kwenye ramani, na ikaonekana kuwa karibu vinne katika kila kumi havikuwa vikitoa maji. Hali hii haikuwa ya Tanzania peke yake: takwimu zilizokusanywa mwaka 2009 kutoka nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara zilionyesha kuwa zaidi ya theluthi moja ya pampu za mkono hazikuwa zikifanya kazi.

Ramani hiyo inafundisha jambo kuhusu maarifa yenyewe. Kabla yake, kila shirika lilijua idadi ya vituo lilivyojenga. Lilikuwa limesema kweli katika ripoti zake, na huenda lilijua pia hali ya vijiji vyake. Lakini ukubwa wa tatizo la nchi haukuwa ndani ya shirika lolote. Ulizaliwa siku hesabu zote zilipounganishwa. Wapo wanaodhani kujifunza kwa pamoja ni kumpa mwingine nakala ya kile ambacho mmoja tayari anacho. Hiyo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kupata kile ambacho hakuna aliyekuwa nacho. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, husema Waswahili. Ila kuna mambo ambayo hata akili zote hazitayaona mpaka zikutane.

Aseniki na swali la deni

Kugawanyika kwa maarifa kunaweza kuua, na Bangladesh ndiyo ushahidi mzito zaidi. Kuanzia muongo wa 1970, serikali na mashirika ya misaada yalihimiza visima vya bomba vifupi ili watu waache maji ya mabwawa na mito yaliyokuwa yakiwaletea kuhara na kipindupindu. Visima viliongezeka kwa mamilioni. Maji yake yalikuwa masafi kwa macho, na yalipopimwa kwa vipimo vya kawaida vya wakati ule yalionekana salama. Aseniki haikuwa miongoni mwa vitu vilivyopimwa. Ng'ambo ya mpaka, West Bengal nchini India, daktari wa ngozi wa Calcutta, K. C. Saha, aliwatambua mwaka 1983 wagonjwa waliodhuriwa na aseniki ya maji ya visima. Mwamba unaobeba maji haujui mpaka wa nchi, lakini ulipita muongo mzima kabla aseniki haijathibitishwa ndani ya Bangladesh, mwaka 1993. Makala iliyochapishwa mwaka 2000 katika jarida la Shirika la Afya Duniani ilikadiria kuwa watu kati ya milioni 35 na milioni 77, katika nchi ya watu milioni 125, walikuwa hatarini kunywa maji hayo, na kulieleza janga hilo kuwa kubwa kuliko kila tukio jingine la umma kulishwa sumu katika historia.

Suala la nani alidaiwa maarifa lilifika hadi mahakamani. Taasisi ya jiolojia ya Uingereza ilikuwa imepima ubora wa maji ya visima nchini Bangladesh na kutoa ripoti mwaka 1992. Aseniki haikupimwa. Mwanakijiji mmoja aliyeugua alidai kuwa taasisi hiyo ilikuwa na wajibu kwake. Mwaka 2006 majaji wa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya House of Lords, waliitupa kesi hiyo: hakukuwa na uhusiano wa karibu wa kutosha kati ya taasisi na mwanakijiji kuweza kuzaa wajibu wa kisheria. Kwa maneno mengine, aliyefanya utafiti hakuwa amemwahidi mnywaji wa maji chochote, hakumjua, wala hakuwa na mamlaka juu ya kisima chake.

Hoja ya majaji ina mantiki ndani ya sheria. Kama kila mwandishi wa ripoti angeshtakiwa na kila anayeguswa na ripoti hiyo, huenda hakuna ambaye angeandika. Lakini maadili hayaishi pale sheria inapoishia, na hapa ndipo dhana ya amana inaposaidia. Katika mafundisho ya Kiislamu, na katika mazoea ya watu wa pwani ya Afrika Mashariki kwa jumla, amana ni kitu kilicho mkononi mwa mtu ilhali si chake, na ambacho lazima kimfikie mwenyewe. Mwenye amana hahitaji kuwa amefanya mkataba na mwenye mali ili awe na wajibu. Mtu akiokota mkoba njiani, tayari anadaiwa, ingawa hamjui aliyeudondosha.

Maarifa kuhusu maji ya kunywa ya watu yana sura hii. Aliyepima kisima ameokota kitu ambacho maisha ya wengine yanakitegemea. Hapo ndipo swali la deni linapojibiwa. Kwa kawaida mashirika huona kubadilishana maarifa kuwa hisani baina yao: leo hili linatoa, kesho lile linarudisha, na likinyimwa linanuna. Kwa mtazamo wa amana, shirika linalojua ndilo linalodaiwa, ila mdai si shirika jirani. Mdai ni mtu wa tatu, yule mwenye ndoo. Shirika jirani ni njia tu ambayo amana hiyo hupitia kumfikia mwenyewe. Kwa hiyo kutoelewana kwa wakurugenzi wawili, au ushindani wao juu ya mfadhili mmoja, hakufuti deni hilo, kwa kuwa halikuwa deni baina yao.

Pampu iliyowekwa wakfu

Historia ya pampu za mkono ina mifano ya watu walioishi kwa msingi huo. Katika muongo wa 1970, pampu nyingi zilizopelekwa vijijini India ziliharibika haraka, kwa kuwa zilibuniwa kwa matumizi ya familia moja, si ya kijiji kizima. Pampu iliyoundwa na mafundi wa Sholapur, Maharashtra, ilidumu zaidi. Kwa kuifuata, serikali ya India, UNICEF na wahandisi waliunda India Mark II, na muundo wake ukaachwa wazi kwa yeyote kuutengeneza. Uganda baadaye ilitoa humo pampu zake za U2 na U3.

Wakati wa Muongo wa Kimataifa wa Maji, 1981 hadi 1990, likaja swali lingine: je, pampu inaweza kutengenezwa na wanakijiji wenyewe bila kusubiri gari la mkoani? Kazi iliyoanzia Malawi na kuendelea Kenya, ikiziunganisha serikali, mradi wa pampu wa UNDP na Benki ya Dunia, mashirika na watengenezaji, ilizaa Afridev. Majaribio muhimu yalifanyika Kwale, pwani ya Kenya, ambako shirika la KWAHO lilifanya kazi na vikundi vya wanawake. Wanawake waliitumia pampu, wakaifungua, wakabadilisha vipuri, na yaliyoonekana huko yakarudi mezani kwa wabunifu. Pistoni ya Afridev hutolewa juu bila kung'oa mabomba yote, na kazi nyingi hufanyika kwa spana moja. Muundo huu nao ulitolewa kwa umma.

Wanahistoria wa Kiislamu husimulia kuwa huko Madina kulikuwa na kisima cha Ruma, ambacho maji yake yaliuzwa, na kwamba Uthman bin Affan alikinunua akakitoa kwa ajili ya watu. Kisima hicho kimekuwa mfano mashuhuri wa wakfu: mali inayotolewa katika milki ya mtu ili manufaa yake yawafikie wote. Muundo wa pampu ulioachwa wazi ni wakfu wa aina yake, na una sifa ambayo kisima hakina. Maji ya Ruma, yakichotwa na mmoja, hupungua kwa mwingine. Muundo wa Afridev ukitengenezwa Msumbiji haupungui Kenya. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009 kwa kuchunguza jinsi watu wanavyosimamia rasilimali za pamoja, alihariri pamoja na Charlotte Hess kitabu cha mwaka 2007 kinachoyatazama maarifa nayo kama rasilimali ya aina hiyo.

Lakini wakfu hauna maana ya kitu kisicho na mwangalizi. Wakfu una mutawalli wake, anayehakikisha haubomoki. Miundo ilipokuwa wazi, baadhi ya watengenezaji walitoa pampu zisizofikia kiwango, na vipuri dhaifu vikaingia sokoni kwa jina lile lile. Ndiyo maana mwaka 1992 uliundwa mtandao wa kimataifa wa teknolojia ya pampu za mkono, ambao baadaye uliitwa Rural Water Supply Network na kuendelea kutunza vipimo vya pampu hizo. Kuyatoa maarifa kwa wote hakumalizi wajibu. Lazima awepo wa kuyalinda yasiharibiwe.

Ugumu wa kukiri

Maarifa yaliyo magumu zaidi kutolewa ni yale ya makosa. Mafanikio hayahitaji mkutano ili yasemwe. Yamo kwenye kalenda na mabango. Kosa hubaki kwenye faili, au kwenye kichwa cha mtumishi aliyekwisha kuhama. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na katika huduma ya maji kinachoumbua mara nyingi ni pampu iliyokauka.

Kutu ya mabomba ni mfano ulio wazi. Utafiti wa Afrika Magharibi katika muongo wa 1980 ulionyesha kuwa mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki huliwa haraka maji yakiwa na uchachu, hasa pH ikiwa chini ya 6.5. Jibu lilijulikana: maji yapimwe kwanza, na pale penye uchachu yatumike mabomba ya plastiki au ya chuma kisichoshika kutu. Hata hivyo, miongo mitatu baadaye mabomba yale yale yalikuwa bado yanashushwa katika maji ya aina ile ile katika nchi nyingi. Maji yalitoka mekundu, watu wakarudi mtoni, michango ikakoma. Kisha wakaguzi wakaandika kwamba wananchi hawakuuona mradi kuwa wao. Lawama ya bomba ikamwangukia mchota maji.

Chris Argyris na Donald Schön, katika kitabu cha mwaka 1978, walitofautisha aina mbili za kujifunza ndani ya taasisi. Ya kwanza hurekebisha kosa bila kugusa dhana iliyolizaa: kamati imezembea, basi ifundishwe tena. Ya pili huiuliza dhana yenyewe: je, tatizo lilikuwa kamati, au lilikuwa bomba, au ni kanuni ya ununuzi inayochagua bei ya chini? Aina ya pili inauma, kwa kuwa inaweza kufika kwa aliyetoa agizo.

Dini zina neno kwa tendo hili, nalo ni toba. Katika Uislamu, toba ya kweli hutaka mtu aache kosa, ajute, aazimie kutolirudia, na kama kuna haki ya mtu, airudishe. Katika Ukristo, ungamo lisilofuatwa na kugeuka halijatimia. Swali la kifalsafa ni kama taasisi inaweza kutubu. Taasisi haina moyo wa kujuta. Waliokosea wameshastaafu, na waliopo hawakuwepo. Hannah Arendt, katika mhadhara wa mwaka 1968, alitoa njia ya kutoka: hatia ni ya mtu binafsi kwa tendo lake, lakini uwajibikaji unaweza kubebwa na kundi kwa sababu tu mtu ni mwanakundi. Mhandisi kijana aliyeajiriwa mwaka huu hana hatia ya visima vya miaka 20 iliyopita. Anao uwajibikaji wa kuvisema, kwa kuwa anafanya kazi chini ya jina lile lile na anafaidika na heshima yake. Shirika la Engineers Without Borders Canada lilionyesha kuwa hili linawezekana: kuanzia mwaka 2008 lilitoa kwa umma ripoti ya yale yaliyolishinda. Ripoti ya namna hiyo ni ungamo. Inakuwa toba pale utaratibu wa kazi unapobadilika.

Wafadhili wana sehemu yao hapa. Anayelipa kwa mafanikio peke yake anaununua ukimya kuhusu mengine. Mkataba unaoruhusu kosa kusemwa bila fedha kukatwa papo hapo ni sharti la kimaadili, kwani huwezi kumdai mtu ukweli huku ukimwadhibu kila anapousema.

Pale ambapo wote hukosea pamoja

Kuna pingamizi dhidi ya yote haya ambalo halifai kupuuzwa: mashirika yanayojifunza pamoja yanaweza pia kupotea pamoja. Katika miongo ya 1980 na 1990 ilienea imani kuwa kijiji kikipewa pampu, kamati na mafunzo mafupi, kitajiendesha chenyewe. Imani hiyo ilikuwa na chembe ya ukweli na ilitokana na heshima kwa wanakijiji. Ilisambaa kutoka mkutano hadi mkutano, ikaingia katika sera za nchi nyingi, na kila shirika likaipata kutoka kwa jingine. Ilichukua muda mrefu kukubali kuwa kamati ya watu wanaojitolea, isiyo na msaada wa wilaya wala fundi wa kudumu, huchoka. Tanzania ilipounda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, mwaka 2019, na kutaka vyombo vya watumia maji viwe na wataalamu wa kuajiriwa, ilikuwa ikikiri hilo.

Karl Popper alifundisha kuwa maarifa hukua kwa dhana kujaribiwa na kukanushwa, si kwa kupata waungaji mkono wengi. Kukubaliana kwa mashirika kumi si ushahidi zaidi ya kukubali kwa moja, ikiwa tisa yamenakili. Jukwaa la kujifunza linahitaji basi mtu mwenye haki ya kupinga, na kijiji ambacho matokeo yake yanaweza kulikanusha jukwaa zima. Aidha, mahali pana hoja yake. Floraidi ni tatizo la Arusha na Manyara. Maji ya chumvi huwasumbua watu wa pwani. Uchachu una maeneo yake. Kinachofaa kusafiri kutoka wilaya moja hadi nyingine ni swali na namna ya kulichunguza; jibu lipimwe upya pale lilipofika.

Masharti ya kujifunza kwa kweli

Mambo manne yanahitajika ili deni hili lilipwe kwa vitendo. La kwanza ni kipimo cha pamoja, na kipimo hicho kiwe huduma, si jengo. Kuanzia mwaka 2009 mradi wa Triple-S, ulioongozwa na shirika la IRC la Uholanzi, ulifanya kazi na taasisi za Ghana na Uganda kuhamisha mtazamo kutoka idadi ya visima hadi huduma inayodumu. Ghana ilijaribu viashiria vya pamoja katika wilaya tatu kabla ya kuvichukua kitaifa. Mashirika yanayohesabu vitu tofauti hayawezi kujua kama yanakubaliana.

La pili ni kwamba meza iwe na wenye uwezo wa kubadili kitu. Kikao cha watu wanaojua bila mamlaka, na cha wenye mamlaka bila kujua, vyote huishia kwenye posho. Uganda ilijenga mazoea ya mapitio ya pamoja ya kila mwaka ya sekta ya maji, ambapo serikali, wafadhili na asasi za kiraia hukaa juu ya ripoti moja na kutoka na maazimio yanayoulizwa mwaka unaofuata.

La tatu ni kusikia kutoka kisimani. Huko Kyuso, Kaunti ya Kitui nchini Kenya, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford na washirika wao walifunga kwenye mipini ya pampu vifaa vidogo vinavyotuma taarifa za matumizi kwa mtandao wa simu, na fundi akawa anajua pampu imesimama. Muda wa kukaa bila maji ulishuka kutoka karibu mwezi mzima hadi chini ya siku tatu. Kifaa kilifanya kazi ambayo mama wa alfajiri angeweza kuifanya miaka yote, kama angekuwapo mtu wa kumpigia na mwenye wajibu wa kuja. Thamani yake kubwa ni kwamba kiliwalazimisha wengine kumjibu.

La nne ni kumbukumbu inayodumu kuliko watumishi na miradi. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 26, kinasimulia jinsi Isaka alivyovikuta visima vya baba yake Ibrahimu vimefukiwa na Wafilisti. Alivifukua, akaviita kwa majina yale yale aliyoyatoa baba yake. Vilipofukiwa, kilichobaki ni kumbukumbu ya mahali vilipokuwa na majina yake, na hiyo ilitosha kuyarudisha maji. Wilaya inayotunza rekodi ya kila kisima, kina chake, uchachu wa maji yake, pampu iliyowekwa, sababu iliyokisimamisha na jina la kijiji kilichotoa habari, ina urithi kama huo. Shirika linaloondoka baada ya miaka mitano na kuiacha rekodi hiyo mikononi mwa wilaya na jumuiya ya watumia maji limelipa sehemu ya deni lake. Linaloondoka nayo limeondoka na amana ya watu, hata kama pampu zote zilikuwa zikitoa maji siku lilipofunga ofisi.